Kijenzi cha Kujitengenezea: Kiandikwe Lini, na Kibebe Nini

Data za taasisi moja mara chache hukaa mahali pamoja. Hospitali ya rufaa ina mfumo wa kusajili wagonjwa, wa pili wa maabara na wa tatu wa madai ya bima. Wizara inasubiri ripoti ya kila mwezi kwenye DHIS2, mfumo wa taarifa za afya. Benki na kampuni za simu zinaleta orodha za malipo, kila moja kwa muundo wake. Ndiyo maana programu za kuunganisha data kama Talend, Pentaho, Apache NiFi na SSIS ya Microsoft zimepata soko kubwa. Kazi yake ni kuchota data kwenye mfumo mmoja, kuzigeuza, kisha kuzipakia kwenye mwingine. Mtumiaji hupanga kazi hiyo kwa kuburuta vijenzi kwenye skrini na kuviunganisha kwa mishale: hiki kinasoma faili, kile kinachuja, kingine kinaandika kwenye hifadhidata. Siku kijenzi kinachotakiwa kinapokosekana kwenye orodha, programu hizi zinaruhusu anayejua kuandika msimbo atengeneze cha kwake. Ruhusa hiyo imeokoa miradi mingi, na imeacha nyuma yake vijenzi vingi visivyo na mwenyewe. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba kijenzi cha kujitengenezea kinastahili gharama yake pale tu kinapotumikia maana ya data ambayo taasisi pekee ndiyo inaijua. Na hata hapo, kanuni zenyewe zikae nje ya kijenzi, mahali ambapo zitabaki salama programu ikifa au ikibadilishwa.

Ili hoja hiyo ieleweke, kazi ya kuunganisha mifumo miwili inafaa kugawanywa katika tabaka tatu. La kwanza ni usafirishaji: kufungua mawasiliano, kuingia kwa nywila, kusoma kurasa za majibu moja baada ya nyingine, kujaribu tena mtandao ukikatika. La pili ni umbo: faili ya CSV, JSON, XML, au jedwali la hifadhidata. La tatu ni maana: safu hii inasema nini, kuhusu nani, kwa kipindi gani, na kwa kanuni ya nani. Tabaka mbili za kwanza zinafanana dunia nzima, ndiyo maana vijenzi vyake hupatikana tayari. Apache Camel peke yake, mradi ulioanza mwaka 2007, una vijenzi zaidi ya 300. Tabaka la tatu halifanani hata kati ya wilaya mbili. Adapta ya umeme inaweza kuingiza plagi ya kifaa cha Marekani kwenye tundu la ukutani Dar es Salaam, lakini haibadilishi kuwa kifaa kile kiliundwa kwa volti 120 na ukuta unatoa 230. Plagi itaingia vizuri na kifaa kitaungua. Vijenzi vingi vilivyoandikwa kwa haraka ni adapta za namna hiyo. Vinalinganisha umbo, data zinapita bila kosa lolote kwenye skrini, na uharibifu unaonekana miezi kadhaa baadaye kwenye ripoti.

Tuchukue namba ya NIDA, kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Kijenzi cha kawaida cha kusoma faili kikikutana na safu iliyojaa tarakimu tupu, hukisia kuwa ni namba ya kuhesabia. Hapo matatizo huanza kimyakimya. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba na kugeuza zinazobaki kuwa sifuri, kwa hiyo watu wawili ambao namba zao zinatofautiana mwishoni pekee wanakuwa mtu mmoja. Nafasi ya biti 64 ambayo hifadhidata nyingi hutumia kwa namba kamili nayo haitoshi. Hata ikitumiwa yote bila kutenga alama ya hasi, kikomo chake ni namba ya tarakimu 20 inayoanza na 1844. Kwa maneno mengine, Mtanzania ambaye kitambulisho chake kingeenea humo angepaswa kuwa amezaliwa mwaka 1844 au kabla yake. Dawa ni kuichukua namba hiyo kama maandishi tangu mlangoni, kuondoa vistari, kuhakikisha tarakimu ni 20, na kupima kama nane za mwanzo ni tarehe inayowezekana. Hakuna kampuni ya California itakayoweka ukaguzi huo kwenye bidhaa yake. Hiki ni kijenzi kinachostahili kuandikwa hapa, na watu wa hapa.

Mfano wa pili unahusu kipindi, na umejificha zaidi. Nchini Tanzania, Kenya na Uganda mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mhasibu anayeandika "robo ya kwanza 2018/19" anamaanisha Julai hadi Septemba 2018. Kwenye DHIS2, mfumo uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Kenya iliutandaza nchi nzima mwaka 2011, kipindi kinachoandikwa 2018Q1 ni Januari hadi Machi. Mwaka wa fedha unaoanza Julai una alama yake, 2018July. Kijenzi kinachochukua neno "robo ya kwanza" na kulibandika Q1 kitatuma matumizi ya dawa ya Julai yakalinganishwe na wagonjwa wa Januari. Kila herufi itakuwa sahihi, seva itapokea, na uwiano utakaotoka hautakuwa na maana yoyote. Ndivyo ilivyo pia kwa sifuri. Kituo cha afya kilichoripoti vifo 0 vya malaria na kituo ambacho hakikuripoti kabisa ni habari mbili tofauti, lakini DHIS2 kwa kawaida haihifadhi sifuri mpaka msimamizi aruhusu hivyo kwa kipengele husika. Anayeandika kijenzi bila kuijua kanuni hiyo ataona idadi ya mistari iliyoingia imepungua na kudhani mtandao ndio uliomchezea. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, na kompyuta ndiyo ya kwanza katika kundi hilo: hupewa umbo, na maana hubebwa na mtu.

Mpaka hapa inaonekana kama natetea kuandika vijenzi vingi iwezekanavyo. La. Kwanza ni lazima kuangalia kijenzi kinavyoishi ndani ya programu, kwa sababu humo ndimo gharama inamozaliwa. Talend, kwa mfano, haiendeshi mchoro moja kwa moja; huugeuza kuwa msimbo wa Java. Kijenzi cha kizazi chake cha zamani kilikuwa na faili ya XML ya kueleza sifa zake na violezo vitatu vya msimbo: cha mwanzo, kinachotekelezwa mara moja, cha kati, kinachorudiwa kwa kila mstari wa data, na cha mwisho, cha kufunga. Vijenzi vinavyoungana kwenye mkondo mmoja huishia ndani ya kipande kimoja cha Java, hivyo mwandishi aliyetumia jina la kawaida kwa kigeu chake aliweza kugongana na kijenzi cha jirani. Java yenyewe hairuhusu kipande cha namna hiyo kuzidi baiti 65,535, na waliotengeneza mikondo mirefu wanalikumbuka vizuri kosa linalotokea kikomo hicho kikivukwa. Kettle, injini ya Pentaho, ina desturi nyingine kabisa: kila hatua hukimbia kwenye uzi wake, na kati ya hatua mbili kuna foleni ambayo kwa kawaida hubeba mistari 10,000. Mtumiaji akiamua kuendesha nakala nne za hatua moja ili kazi iende haraka, mistari hugawanywa kati ya nakala hizo. Kijenzi kilichokuwa kikihesabu mistari au kukumbuka mgonjwa aliyetangulia hapo kinaanza kutoa majibu ya ovyo, ingawa msimbo wake haujaguswa.

Maelezo haya ya ndani yana somo la jumla. Anayeandika kijenzi anaingia mkataba na programu: lini ataitwa, atapewa nini, arudishe nini, na nini kitatokea wengine wakiitwa sambamba naye. Mkataba huo ni wa programu ile tu. Ujuzi wa nyuzi za Kettle haumsaidii mtu kwenye SSIS. Frederick Brooks, katika kitabu chake The Mythical Man-Month cha mwaka 1975, alikadiria kuwa kuigeuza programu inayofanya kazi mezani pa mwandishi iwe bidhaa ambayo wengine wanaweza kuitumia, kuijaribu na kuitunza kunagharimu angalau mara tatu. Kuigeuza iwe sehemu ya mfumo mkubwa, inayofuata viunganishi vilivyowekwa, ni mara tatu nyingine. Na kufanya yote mawili ni mara tisa. Yalikuwa makadirio ya mtu aliyesimamia miradi mikubwa ya IBM, na hakuna haja ya kuyashika kama hesabu ya benki. Lakini kijenzi cha kujitengenezea kimekaa hasa kwenye kona hiyo ya mara tisa: ni bidhaa, na ni sehemu ya mfumo. Skripti iliyofanya kazi Ijumaa mchana si kijenzi bado. Inasubiri jinsi ya kutangaza safu zake, fomu ya kuweka vigezo, njia ya mistari mibovu, kumbukumbu ya ilikofikia, majaribio na maelezo ya matumizi.

Mawili kati ya hayo ndiyo hupuuzwa zaidi. La kwanza ni njia ya makosa. DHIS2 ikipokea bechi ya takwimu hurudisha muhtasari wenye hesabu nne: zilizoingizwa, zilizosasishwa, zilizopuuzwa na zilizofutwa. Kijenzi kinachoangalia tu kama seva imejibu, kisha kikawasha alama ya kijani, kinaweza kutuma bechi ambayo sehemu yake kubwa imepuuzwa kwa sababu msimbo wa kituo haukutambuliwa, na hakuna atakayejua. Kijenzi kizuri hutenga mistari iliyokataliwa, pamoja na sababu yake, na kuitoa kwenye mshale wa pili ambao mtu atauona. La pili ni kumbukumbu ya ilikofikia. Mikondo mingi huchota tu kilichobadilika tangu safari iliyopita, na swali ni tarehe ipi inayotumika kupima. Zahanati iliyokosa mtandao wiki mbili ikirudi hewani huleta mahudhurio yenye tarehe za zamani. Kijenzi kinachochuja kwa tarehe ya tukio kitayaruka milele. Kinachochuja kwa tarehe ambayo seva ilipokea mabadiliko kitayaona. Na kwa kuwa safari huweza kukatika katikati, lazima pia ijulikane nini hutokea data ileile ikitumwa mara mbili. Takwimu za DHIS2 hutambuliwa kwa vitu kama kipengele, kipindi na kituo, kwa hiyo kutuma tena hufunika ya awali bila madhara. Malipo hayako hivyo. Bila kutumia namba ya muamala kama ufunguo, mteja mmoja aliyelipa mara moja huonekana amelipa mara mbili.

Ikiwa gharama ni hiyo, basi muda ambao kijenzi kitadumu una uzito mkubwa kwenye uamuzi, na historia ya karibuni haileti faraja. Talend Open Studio ilitoka mwaka 2006 ikiwa programu huria, na kwa miaka mingi wachangiaji waliandika vijenzi vyake kwa violezo nilivyovieleza. Baadaye kampuni ilileta njia mpya ya kuviandika, yenye kanuni tofauti, na vya zamani vikabaki nyuma. Mwaka 2023 kampuni ya Qlik iliinunua Talend, na toleo huria likasitishwa tarehe 31 Januari 2024. Kettle, kazi ya Mbelgiji Matt Casters, ilifunguliwa kwa umma mwishoni mwa 2005, ikaingia Pentaho mwaka uliofuata, na Pentaho ikanunuliwa na Hitachi mwaka 2015. Kutoka humo likachipuka tawi jipya, Apache Hop, lililotangazwa kuwa mradi kamili wa Apache Januari 2022. Majina ya ndani yalibadilishwa, na vijenzi vya Kettle haviingii humo bila kuandikwa upya kwa kiasi. NiFi, iliyozaliwa ndani ya shirika la ujasusi la Marekani, NSA, na kukabidhiwa kwa Apache mwaka 2014, ilitoa toleo la pili mwishoni mwa 2024: linadai Java 21 na limeondoa sehemu nyingi za zamani. Hakuna aliyefanya ubaya hapa. Programu hukua, hununuliwa, hufungwa. Lakini kanuni ya robo za mwaka wa fedha haikubadilika siku Qlik ilipotia saini, na taasisi iliyokuwa imeizika kanuni hiyo ndani ya violezo vya Talend ililazimika kuifukua.

Njia ya kuepuka ufukuaji huo imeandikwa tangu mwaka 1972, mwanasayansi wa kompyuta David Parnas alipouliza programu igawanywe kwa kigezo gani. Jibu lake lilikuwa kwamba kila sehemu ifiche uamuzi mmoja unaoweza kubadilika, ili siku ukibadilika sehemu nyingine zisijue. Chukua namba za simu za Kenya. Kwa miaka mingi namba ya mkononi ilianza na 07, na ukaguzi ulioandikwa ndani ya mifumo ulisema hivyo: kama haianzi na 07, ni kosa. Mwaka 2019 zikaanza kutolewa namba za 01. Mteja mwenye simu halali akawa mteja mwenye "namba batili" popote ambapo ukaguzi huo ulikuwa umenakiliwa. Kama kanuni ilikuwa ndani ya vijenzi vitano, vya mikondo mitano, ilibidi visakwe vyote. Kama ilikuwa mahali pamoja, lilikuwa badiliko la mstari mmoja. Vilevile, sura ambayo namba inatakiwa kuwa nayo inategemea anayeipokea: API ya Daraja ya Safaricom, iliyofunguliwa mwaka 2017, inataka ianze na 254 bila alama ya kujumlisha, wakati daftari la kituo limeandika 07 na fomu ya mtandaoni imeandika +254. Huu ni uamuzi unaobadilika, na ndio unaopaswa kufichwa mahali pake.

Kwa vitendo, maana yake ni kwamba kijenzi kiwe ganda jembamba. Kanuni ya namba ya simu, ya NIDA au ya kipindi iandikwe kama maktaba ndogo ya kawaida, isiyojua kuwa Talend au Kettle ipo duniani: inapokea maandishi, inarudisha maandishi au sababu ya kukataa. Kazi ya ganda ni kuchukua mstari kutoka kwa programu, kuita maktaba, na kupeleka jibu kwenye mshale sahihi. Talend, Kettle na NiFi zote zinaendeshwa na Java, hivyo maktaba ileile inahamishika kati yake bila kuguswa. Kinachoandikwa upya ni ganda la mistari michache. Pembeni ya maktaba iwekwe faili ya mifano, safu ya kwanza ingizo, ya pili jibu linalotarajiwa: namba yenye 07, yenye +254, yenye 01, yenye nafasi katikati, ya mezani, na kisanduku kitupu. Faili hiyo ni jaribio ambalo kompyuta inaliendesha kila msimbo unapobadilika, na pia ni maelezo ambayo ofisa takwimu asiyejua Java anaweza kuyasoma na kuyasahihisha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kazi hii daftari lenyewe ni ile faili ya mifano.

Kuna ushahidi kwamba mpaka mwembamba ndio unaodumu. Mwaka 2017 kampuni ya Stitch ilianzisha Singer, utaratibu wa kuandika programu ndogo za kuchota na za kupakia. Mkataba wake unaenea kwenye karatasi moja: programu ya kuchota huchapisha mistari ya JSON ya aina tatu, mmoja wa kutangaza muundo, mwingine wa kubeba rekodi, na wa tatu wa kusema imefikia wapi; programu ya kupakia huisoma mistari hiyo. Haijalishi imeandikwa kwa lugha gani. Stitch ikanunuliwa na Talend mwaka 2018, na Talend ikaenda Qlik, lakini programu za Singer zinaendelea kukimbia kwenye mazingira mengine, hasa Meltano, kwa sababu hazikuwahi kumtegemea mwenye kampuni ili zieleweke. Upande wa afya, OpenHIM ya shirika la Jembi la Afrika Kusini imefuata wazo la jamaa hiyo. Ilianza kutumika Rwanda, na Tanzania nayo imeitumia kuunganisha mifumo ya hospitali. Vijenzi vyake vya ziada ni huduma zinazojitegemea: kila moja hujisajili kwa OpenHIM, hutuma ishara kuonyesha kuwa iko hai, na hurudisha pamoja na jibu lake maelezo ya hatua ilizopitia. OpenHIM hutunza miamala, na iliyoshindwa inaweza kurudiwa. Kilicho ndani ya huduma ni hiari ya mwandishi.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii hutoka kwa wenye haraka. Programu hizi za michoro zina kisanduku cha skripti ambamo mtu anaweza kuandika mistari michache ya msimbo papo hapo, bila fomu wala ufungashaji. Kwa nini tuhangaike? Kwa kanuni inayotumika mahali pamoja, wana haki, na kulazimisha kijenzi hapo ni kupoteza muda. Udhaifu wa kisanduku ni kwamba kinanakiliwa kirahisi mno. Mkondo wa pili huanza kwa nakala ya wa kwanza, wa tatu kwa nakala ya wa pili iliyorekebishwa kidogo, na baada ya mwaka kuna kanuni tatu za jambo moja zisizokubaliana. Kipimo changu ni chepesi: skripti ikinakiliwa kwa mara ya kwanza, kanuni yake ihamie kwenye maktaba. Si lazima kiwe kijenzi kamili siku hiyo. Kisanduku kinaweza kuita maktaba.

Pingamizi la pili ni la waandishi wa programu wenyewe: tuachane na michoro, tuandike mkondo wote kwa Python tumalize. Pale ambapo timu yote ni ya waandishi wa programu na mikondo ni michache, siwezi kuwapinga. Lakini taasisi nyingi zina mwandishi mmoja na maofisa takwimu wengi. Mchoro wenye mishale unawapa hao wengi nafasi ya kuona data inapita wapi, kusimamisha hatua moja, kubadilisha njia ya faili, na kusoma makosa bila kumsubiri fundi. Ukiandika kila kitu kwa msimbo, unajenga upya kuratibu, kurudia na kuweka kumbukumbu, kazi ambazo programu huria imezifanya bure. Hapo kosa linageuka upande wa pili: badala ya kuzika maana ndani ya chombo, unatumia nguvu kwenye usafirishaji ambao tayari umetatuliwa.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo linasema dawa ya kweli ni viwango. Mifumo yote ya afya ikizungumza FHIR, kiwango cha kubadilishana data za afya, na yote ya malipo ikifuata muundo mmoja, vijenzi vya kienyeji havitahitajika. Viwango ni jambo jema na vinapunguza kazi: badala ya kila mfumo kulinganishwa na kila mwingine, kila mmoja unalinganishwa na kiwango mara moja. Ila ulinganishaji huo mmoja unabaki, na ndio wenye maana. FHIR yenyewe imeacha makusudi nafasi kwa kila nchi kuweka maelekezo na nyongeza zake, kwa kuwa waandishi wake walijua hawawezi kutabiri kitambulisho cha taifa cha Tanzania kina tarakimu ngapi wala Kenya inagawanya kaunti zake vipi. Kiwango kinasema mahali pa kuweka namba ya kitambulisho. Hakisemi kama hii uliyonayo imepoteza tarakimu tano za mwisho njiani.

La nne ni la wakati wetu: akili unde inaandika kijenzi kwa dakika chache, kwa hiyo mjadala wa gharama umekwisha. Ni kweli kuwa ganda, lile jembamba, sasa linaandikwa haraka sana, na huo ni msaada mkubwa kwa ofisi yenye fundi mmoja. Lakini rudi kwenye hesabu ya Brooks: kuandika kulikuwa sehemu moja kati ya tisa. Mashine haijui kuwa kituo fulani kiligawanywa mwaka jana na msimbo wake wa zamani bado unatumiwa na maabara, wala haitaulizwa na mkaguzi kwa nini ripoti mbili zinapingana. Kadiri kuandika kunavyokuwa rahisi, ndivyo vijenzi yatima vitakavyoongezeka, na ndivyo faili ya mifano, iliyopitishwa na watu wanaozijua data, inavyopanda thamani. Anayeitumia akili unde bila faili hiyo hana kipimo cha kujua kama alichopewa ni sahihi.

Uwajibikaji wa anayeandika kijenzi sasa una sura ya kisheria. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Kijenzi cha kujitengenezea ni mahali pepesi pa kuzivunja bila kukusudia, kwa sababu fundi anayetafuta hitilafu huchapisha mstari mzima kwenye kumbukumbu ili auone, na mstari ule una jina la mgonjwa, simu yake na majibu ya kipimo. Hitilafu inapatikana, kazi inaisha, na uchapishaji unabaki ukijaza faili kwenye seva ambayo hakuna anayeilinda kama hifadhidata. Kanuni ya kuficha majina kwenye kumbukumbu nayo ni ya maktaba ya pamoja. Isiachwe kwa kumbukumbu ya kila mwandishi.

Kwa hiyo, taasisi inayoagiza kazi ya aina hii, iwe kwa wafanyakazi wake au kwa mkandarasi, iache kuuliza ni vijenzi vingapi vitakabidhiwa. Zabuni nyingi huhesabu hivyo kwa sababu ni rahisi kuhesabu, na mkandarasi hulipwa zaidi kwa kuandika kile ambacho programu tayari inacho. Idai vitu vitatu: orodha ya kanuni za maana ambazo hakuna kijenzi cha tayari kinachozijua, maktaba ya kanuni hizo pamoja na msimbo chanzo wake, iliyo mali ya taasisi, na faili ya mifano iliyotiwa saini na idara inayomiliki data. Maganda yaje mwisho, na yawe mepesi kiasi kwamba fundi mpya anaweza kuyaandika upya kwenye programu nyingine ndani ya wiki. Mkandarasi anayesema hawezi kukabidhi hivyo vitatu anaeleza, kwa njia yake, kwamba ujuzi wa taasisi utabaki kwake mradi ukiisha, na hilo lijulikane kabla mkataba haujasainiwa.